Barabara ya magogo, kwa franga za nani?

Katika nchi yetu neno «barabara» ni neno la furaha. Mama mja mzito anayebebwa kwenye kipoyi usiku anajua thamani ya barabara. Mama anayeuza nyanya anajua, kwa sababu kamyo ikikwama siku tatu katika matope, nyanya zinaozea ndani ya vikapu na deni linabaki. Ndiyo maana katika mikutano yetu, kiongozi akifika kuomba sauti zetu, ahadi ya kwanza anayoitoa ni barabara.

Kwa hiyo juma hili tunaleta jambo ambalo mwanzoni litaonekana la ajabu. Kuna nchi ambako wananchi, wakiwemo wamama, wavuvi, wazee wa makabila, na hata watu ambao kazi yao ni kulinda hazina ya Leta, wamepigana zaidi ya miaka 30 ili serikali yao isijenge barabara fulani. Nchi hiyo ni Marekani. Barabara wanazozipinga ni zile zinazoingizwa katika misitu ya umma, misitu ambayo bado haijaguswa, kwa ajili ya kutoa magogo, na zinazolipwa kwa kodi ya wananchi.

Tumezungumza jambo hili kati yetu, na tunasema wazi kwamba tunawaunga mkono. Tunataka tueleze kwa nini, halafu tuone linatuhusu nini sisi tunaoishi pembeni ya pori kubwa la Kongo.

Msitu unaoitwa Tongass

Tuanze na msitu mmoja, kwa sababu vita hivi vyote vimezunguka juu yake. Unaitwa Tongass, na uko Alaska, upande wa kaskazini kabisa wa Marekani, kando ya bahari. Serikali ya Marekani iliutangaza kuwa msitu wa taifa mwaka 1907. Una hekta karibu milioni 6.8. Ili tupate picha, jimbo lote la Kivu Kusini lina hekta kama milioni 6.5. Basi Tongass inalizidi kidogo jimbo letu zima. Ni msitu mkubwa kuliko misitu yote ya taifa ya nchi hiyo.

Kule kuna baridi na theluji, lakini mvua ni nyingi kama kwetu. Miti yake ni ya jamii ya misonobari na mierezi, na mingine imekaa miaka mamia. Watu wenyeji wa pale ni Watlingit, Wahaida na Watsimshian. Wanaume wamechonga mitumbwi na nguzo kubwa za ukoo kutoka mierezi hiyo. Wamama wamesuka vikapu kwa magamba na mizizi ya miti. Na chakula chao kikubwa ni samaki anayeitwa salmoni, anayezaliwa mtoni, anaenda kukomalia baharini, halafu anarudi mtoni kutaga mayai na kufa. Salmoni kwao ni kama mihogo na sombe kwetu: kama haipo, nyumba ina njaa.

Ardhi hiyo ni ya Leta, maana yake ni ya wananchi wote wa Marekani. Ni jambo la kukumbuka tunapoendelea kusoma, kwa sababu hata kwetu sheria ya misitu ya mwaka 2002 inasema kwamba misitu ya Kongo ni mali ya Leta.

Namna mambo yalivyoanza

Katika miaka ya 1950, serikali ya Marekani ilitaka kuleta kazi na watu Alaska. Ikafanya mapatano ya miaka 50 na makampuni mawili. Kiwanda cha kwanza kilifunguliwa katika mji wa Ketchikan mwaka 1954, cha pili Sitka mwaka 1959, na hicho cha pili kilikuwa cha Wajapani. Viwanda hivyo vilisaga miti ile mikubwa na kuifanya ujiuji mzito wa kutengenezea nyuzi za nguo na vitu vingine. Makampuni yaliahidiwa miti mingi kwa bei ndogo, kwa muda wa nusu karne.

Lakini Tongass ni visiwa na milima. Ili magogo yatoke, lazima barabara ziingie. Na barabara katika mlima wenye mvua ni ghali sana: kupasua mwamba, kuweka madaraja, kuweka mabomba ya kupitisha maji. Nani atalipa? Mara nyingi ilikuwa Leta. Kulikuwa pia na utaratibu ambao kampuni ilijenga barabara yenyewe, halafu Leta ikairudishia gharama kwa kuipa miti. Utaratibu huo uliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini kwa miaka mingi ulifanya gharama ya barabara isionekane vizuri katika hesabu.

Mwaka 1980 bunge la Marekani lilienda mbali zaidi. Lilipitisha sheria iliyosema kwamba kila mwaka zisipungue dola milioni 40 za hazina kwa ajili ya kuhakikisha miti ya Tongass inaendelea kukatwa. Hata kama bei ya mbao imeanguka, hata kama masomo au hospitali zinakosa, milioni hizo 40 zilikuwa zinatoka. Sheria hiyo ilidumu miaka kumi. Mwaka 1990 bunge lenyewe liliifuta. Kiwanda cha Sitka kilifungwa mwaka 1993, na kile cha Ketchikan mwaka 1997.

Mtu angefikiri kwamba hasara iliisha hapo. Haikuisha. Makampuni mengine, madogo zaidi, yaliendelea kukata, na Leta iliendelea kuyatengenezea njia.

Hesabu ya kisanduku

Tueleze hesabu hiyo kwa namna ambayo kila mama wa AVEC ataielewa.

Tuseme tuko wamama 25 wenye kisanduku kimoja. Kila juma tunaweka sehemu zetu. Siku moja mwenzetu mmoja anasema: «Shamba letu la pamoja kule juu lina miti mizuri. Kisanduku kitoe franga 100,000 za kufungua njia. Mimi nitakata miti na kuiuza.» Tunatoa. Anakata, anauza, anapata faida yake. Kisha anarudi na kutuwekea kisandukuni franga 20,000 kama bei ya miti. Njia imebaki, mvua inaibomoa, na ni sisi tena tunaoombwa kuitengeneza. Miti haipo tena. Je, mwenye kushika ufunguo wa kisanduku angekubali mara ya pili?

Huko Tongass wamekubali mara nyingi. Chama kimoja cha Marekani kinachoitwa Taxpayers for Common Sense, ambacho kazi yake ni kufuatilia namna kodi zinavyotumika, kilichukua hesabu za serikali yenyewe kwa miaka 20, tangu mwaka 1999 hadi 2018. Kiliona kwamba hazina ilipoteza karibu dola milioni 600 katika mauzo ya miti ya Tongass. Hiyo ni wastani wa dola milioni 30 kila mwaka. Leta ililipa wapimaji, mipango, barabara na wafanyakazi, na bei iliyopata kwa miti haikufikia hata mbali na gharama hizo.

Tutambue kwamba chama hicho hakikuanzishwa kwa kupenda ndege na wanyama. Ni watu wa hesabu. Wanasema tu kwamba kama biashara ya mbao ni nzuri, ijilipie njia yake yenyewe. Na kama haiwezi kuilipia, basi mwananchi asilazimishwe kuibeba mgongoni.

Halafu kuna gharama ya pili ambayo haisemwi siku ya kukata utepe. Barabara ikishajengwa inahitaji kutunzwa kila mwaka. Misitu ya taifa ya Marekani ina barabara za urefu wa karibu kilometa 600,000. Ukizinyoosha, zinazunguka dunia mara 15. Katika Tongass peke yake ziko karibu kilometa 8,000. Mwaka 2001 idara ya misitu ya nchi hiyo ilikubali kwamba kazi ya kutengeneza barabara zilizoharibika imelundikana mpaka dola bilioni 8.4, na kwamba kila mwaka inapata chini ya moja ya tano ya feza inazohitaji kwa matunzo. Yaani nchi tajiri hivyo haiwezi kutunza barabara za magogo ilizonazo, na bado kuna wanaotaka ijenge nyingine.

Kile barabara inachoufanyia mto

Wamama wa vijijini hatuhitaji kufundishwa kwamba udongo wa mlima ukishachimbwa, mvua itaushusha. Tumeona mashamba yetu yakiporomoka, na wengine tumezika watu.

Katika Tongass udongo huo unashuka mtoni. Salmoni anataga mayai yake katikati ya changarawe safi, mahali maji yenye hewa yanapita. Tope likifunika changarawe, mayai yanakosa hewa na kufa. Tena barabara ikivuka kijito, mara nyingi wanaweka bomba kubwa chini yake. Bomba likiwekwa juu kidogo, au likizibwa na matawi, samaki anayerudi hawezi kupanda. Anagonga kichwa pale mpaka anachoka. Juu ya bomba kuna kilometa za kijito ambamo hatataga tena.

Barabara inaleta pia watu wasiotazamiwa. Wawindaji wanaingia kwa gari mahali ambapo zamani mtu alitembea siku mbili. Hata sisi tunajua kwamba njia ya magogo haibaki ya magogo tu. Nyuma yake wanafuata wawindaji wa nyama ya pori, wachoma makala na wachimba madini.

Sasa angalieni hesabu kwa upande mwingine. Katika sehemu hiyo ya Alaska, uvuvi na utalii pamoja vinatoa karibu robo ya kazi zote. Ukataji wa miti unatoa karibu kazi moja katika mia. Hivyo kodi ya mvuvi inatumika kujenga barabara inayomuua samaki wake. Mtu analipa kodi ili apoteze kazi.

Waliosimama kusema hapana

Jambo lililotupendeza ni kwamba waliopinga hawakuwa wa chama kimoja wala wa dini moja. Katika bunge la Marekani, wabunge wawili wa vyama vinavyoshindana, Steve Chabot wa Republican na Rob Andrews wa Democrat, walishirikiana kuleta pendekezo moja: hazina isitoe tena feza za kujenga barabara za magogo katika Tongass. Chabot alikuwa mtu wa kubana matumizi ya Leta, Andrews alitaka msitu ubaki. Kila mmoja alikuja na sababu yake. Mwaka 2004 wabunge 222 walikubali, 205 walikataa. Mwaka 2007 pendekezo lilirudi: 283 walikubali, 145 walikataa. Lakini halikuwa sheria, kwa sababu baraza la juu, yaani seneti, halikulipitisha, na maseneta wa Alaska walikuwa na nguvu kubwa humo.

Kabla ya hapo, Januari 2001, siku za mwisho za Rais Bill Clinton, serikali ilikuwa imetoa kanuni nyingine pana zaidi. Ilisema kwamba katika hekta karibu milioni 23.7 za misitu ya taifa ambazo hazijaingiwa na barabara, barabara mpya zisijengwe, isipokuwa kwa sababu chache kama kuzima moto au kuokoa maisha. Kabla ya kuitoa waliitisha mikutano ya wananchi zaidi ya 600, na watu waliandika maoni yapatayo milioni 1.6.

Kanuni hiyo imekuwa kama mlango unaofungwa na kufunguliwa. Mwaka 2003 Tongass iliondolewa ndani yake. Mwaka 2011 hakimu aliirudisha. Oktoba 2020 serikali ya Rais Donald Trump iliiondoa tena, ijapokuwa zaidi ya tisa katika kumi ya wananchi walioandika maoni walitaka ibaki. Januari 2023 serikali ya Rais Joe Biden iliirudisha. Na Juni 2025, Trump akiwa amerudi madarakani, waziri wa kilimo Brooke Rollins, ambaye misitu iko chini yake, alitangaza nia ya kuifuta kanuni yote, katika nchi nzima.

Kwa hiyo wamama wa kule wameanza tena. Hawa ni watu ambao walishinda mara nyingi na kila mara walilazimika kusimama upya. Tunasema hivi ili tusidanganyane: kulinda mali ya wote si kazi ya mkutano mmoja.

Upande wa pili nao una wamama

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Katika miji ya mbao kuna nyumba ambazo baba alipata mshahara wa kiwanda, na siku kiwanda kilipofungwa, mama alibaki akihesabu sahani. Vilio hivyo ni vya kweli. Wanaotetea barabara wanasema kwamba msitu bila barabara haulishi mtu, na kwamba vijana watahama.

Tena kuna jambo la masomo. Tangu mwaka 1908 sheria ya Marekani iliamuru kwamba robo ya mapato ya misitu ya taifa iende kwa masomo na barabara za wenyeji. Miti mingi ikikatwa, masomo yanapata. Ikikatwa kidogo, masomo yanakosa. Mama mwenye watoto sita atasema nini? Atasema wakate.

Lakini angalieni mtego uliomo. Robo hiyo ilitolewa katika mapato kabla ya kuondoa gharama. Hata pale ambapo Leta ilipata hasara katika mauzo, mji ulipata sehemu yake, na wote wakaona kwamba kukata kunalipa. Ndiyo kusema, hazina ilitumia feza nyingi kwa njia ya mzunguko, nyingine ikabaki kwa kampuni, kidogo ikafika darasani. Mwaka 2000 bunge lilipitisha sheria ya kuyalipa masomo hayo moja kwa moja, bila kungoja mti uanguke. Kama lengo ni mtoto asome, basi msaidie mtoto. Na kama lengo ni baba apate kazi, kuna kazi katika kutengeneza zile barabara zilizoharibika, kuondoa mabomba yanayozuia samaki, na kupanda pale palipokatwa. Feza zilezile zingelipa kazi hizo.

Wamama wa Tongass na wamama wa Itombwe

Makabila ya pale hayakukaa kimya. Mwaka 2020 serikali tisa za makabila ya kusini-mashariki mwa Alaska ziliandikia waziri wa kilimo barua ya madai ya pamoja, zikitaka zisikilizwe kabla ya uamuzi wowote juu ya ardhi ya mababu zao. Mji wa Kake, wenye watu mamia machache tu, ulikuwa kati yao.

Wamama walitangulia. Wanda Kashudoha Loescher Culp, mama wa Kitlingit kutoka Hoonah, pamoja na wenzake, alisafiri mpaka Washington kukaa mbele ya wabunge na kueleza salmoni ni nini kwa jikoni lake. Walifanya hivyo pamoja na mtandao wa wamama unaoitwa WECAN, unaotetea ardhi na hali ya hewa.

Na hapa habari inafika nyumbani. Mtandao huohuo wa WECAN unafanya kazi pamoja na wamama wa SAFECO, umoja wa vyama vya wamama unaoongozwa na Mama Neema Namadamu, katika eneo la Itombwe, Kivu Kusini. Kule wamama wameanzisha vitalu, wanapanda miti kwa ajili ya kuni, dawa na kufunika milima iliyokatwa, ili pori la zamani lipumzike. Hivyo mama wa Itombwe anayebeba mche mgongoni na mama wa Hoonah anayekausha samaki wako upande mmoja wa kazi, ijapokuwa hawajaonana.

Na kwetu je?

Kwetu mambo hayafanani katika kila kitu. Leta ya Kongo haina dola milioni 40 za kuwapa wakataji kila mwaka. Katika konsesyo kubwa za mbao, kampuni ndiyo inayofungua njia zake. Na hapa mashariki mbao nyingi zinatoka kwa wakataji wenye mashine za mkono, zinapanda kamyo na kuvuka mpaka kwenda Uganda na Kenya.

Lakini feza za wote zinaweza kutoka kisandukuni kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kulipa, kama Marekani. Mlango wa pili ni kutodai kile unachodaiwa. Mtu asiyelipa kodi ya msitu amepewa msaada na wewe, hata kama hukumwona akipita.

Mwaka 2002, Leta yetu ilisimamisha utoaji wa konsesyo mpya za mbao. Hata hivyo, mwezi wa nne mwaka 2022 ilitangazwa ripoti ya wakaguzi wakuu wa fedha wa nchi, IGF, iliyoeleza jinsi mawaziri waliofuatana walivyogawa misitu kinyume cha sheria, na jinsi kodi zilizopaswa kuingia hazikuingia. Sheria yetu ya misitu inasema kwamba katika kodi inayolipwa kwa ukubwa wa konsesyo, asilimia 40 irudi kwa wenyeji: 25 kwa jimbo na 15 kwa eneo lenye msitu. Asilimia hizo zingekuwa dawa na madawati. Kodi isipoingia, 40 ya bure ni bure.

Na barabara zenyewe? Watafiti waliozipima kwa picha za setilaiti wanasema kwamba katika nchi za bonde la Kongo zilikuwa karibu kilometa 144,000 mwaka 2003, na zimefika karibu 231,000 mwaka 2018. Nyingi za ndani ya konsesyo zinaachwa magogo yakiisha. Mwambieni mama wa kijiji anayetembea na mgonjwa kwamba nchi jirani yake imejaa barabara mpya, atauliza zimepita wapi.

Ndiyo sababu tunasema hatupingi barabara. Barabara ya kitaifa namba 4, inayotoka Kisangani kupitia Nia-Nia, Mambasa na Komanda mpaka Beni, inaunganisha masoko, hospitali na watu. Tunataka za namna hiyo, tena zitengenezwe vizuri, na mbao zinazopita juu yake zilipe kodi. Tunayoikataa ni njia inayoanza kwenye kambi ya wakataji na kuishia kwenye kisiki, haipiti kituo cha afya hata kimoja, lakini mwisho wake deni linabaki kwetu: mto wa matope, pori tupu, na hazina isiyo kitu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Juma hili tunaomba kila kikundi kichukue nusu saa, baada ya kuhesabu sehemu za kisanduku, kuzungumza haya:

1. Katika teritware yetu, ni barabara gani inayopangwa au inayojengwa sasa? Inaanzia wapi na kuishia wapi? Itapita soko gani, masomo gani, kituo gani cha afya?

2. Nani analipa? Kama ni Leta, iko katika bajeti ya jimbo? Kama ni kampuni au mkataji, ana ruhusa, na nani ameiona kwa macho? Bajeti ya jimbo si siri. Mama yeyote anaweza kwenda kwa mbunge wake wa jimbo na kuuliza.

3. Kama msitu wetu umetolewa kwa konsesyo, mapatano na wanakijiji yanasema nini? Sheria inaidai kampuni iandike pamoja na wenyeji yale itakayowajengea. Je, wamama walikuwepo siku ya kutia sahihi, au majina yaliyoandikwa ni ya wanaume peke yao?

4. Je, tunaweza kuomba msitu wetu wenyewe? Tangu agizo la mwaka 2014, jamii za wenyeji zinaweza kuomba konsesyo ya msitu wa jamii, mpaka hekta 50,000, bila kikomo cha miaka. Ni kazi ndefu ya ramani na mikutano, lakini vijiji kadhaa vimekwisha kufaulu. Ni nani katika kikundi chetu atakayekwenda kuuliza kwa mwami na kwenye ofisi ya mazingira?

Kikundi kikipata jibu hata la swali moja, kituandikie au kitume mtu na karatasi. Tutayachapa majibu katika majuma yanayofuata, ili kikundi cha kijiji kingine kijue mlango wa kugonga. Kule Alaska ilianza hivyohivyo: watu waliomba kuonyeshwa hesabu, na walipoiona hawakukubali tena kunyamaza.